Maduka Aliyoyasifu Mwalimu

Kwa nini maduka aliyoyasifu Mwalimu yalikuwa yanafungwa?

Swali hilo niliulizwa kwanza na mama yangu, tukichambua mboga nyuma ya jikoni kwetu Giakanja, karibu na Nyeri. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya sayansi ya chakula, nikiwa na tabia ya kujibu maswali kabla hayajaisha kuulizwa. Hilo lilinikwamisha. Nilimwambia mama kwamba biashara nyingi za mjini hufungwa tu, zisifiwe zisisifiwe. Mama hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Sawa," akasema. "Na zile hakusifu? Si ziko?"

Zilikuwepo.

Mwalimu alikuwa bibi mmoja jirani yetu. Watu wote wa upande wetu walimwita hivyo tu, na sikumbuki kusikia mtu akitaja jina lake mbele yake. Alikuwa amefundisha sayansi kimu kwa muda mrefu sana, hivi kwamba wanawake waliokuwa na wajukuu bado walificha kucha zao wakikutana naye sokoni. Alikuwa mrefu, mwenye sweta ya kijivu iliyofungwa vifungo hadi shingoni, na alikuwa na njia ya kupitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe kabla ya kunywa, halafu anakitazama kile kidole, halafu anakutazama wewe.

Tulianza kuzunguka pamoja kwa sababu sikuwa na kazi. Nilikuwa nimefungua ukurasa kwenye simu ambapo nilitafuta yogati ya barafu iliyo bora kuliko zote katika miji ya kuzunguka Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Mweiga, Nanyuki. Wakati huo maduka hayo yalikuwa yanachipuka kila mahali, yenye kuta nyeupe na viti vya rangi ya waridi, na vijana wa vyuo walikaa ndani wakiwa na makoti mazito wakila kitu kilichogandishwa. Mama aliona huo ni wazimu. "Mtu anatoka kwa baridi anaenda kununua baridi ingine," alisema. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa ua akikatia ng'ombe wake majani. Akasimama wima.

"Mimi niko na wakati," akaniambia, "na wewe uko na simu. Twende."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuomba, hakualikwa.

Alibeba kijiko chake mwenyewe, cha chuma, kilichokunjwa ndani ya leso, kwa sababu alisema plastiki husema uongo. Alichagua kiti kinachotazama ukuta. Kijiko cha kwanza alikiweka mdomoni na hakumeza. Alifumba macho na kusubiri mpaka kile kitu kiyeyuke chenyewe. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nimejaribu mara nyingi kueleza namna ulivyobadilika. Haukuwa uso wa mtu anayefurahia wala anayechukia. Ulikuwa kama nyumba ambayo watu wametoka wakaacha mlango wazi. Wahudumu waliuona. Nilimwona msichana mmoja wa Nyeri akiacha kumhesabia mteja chenji, amemkodolea macho yule mzee aliyeketi akitazama ukuta kwa macho yaliyofumbwa.

Kisha Mwalimu alifumbua macho na kutoa hukumu, kwa sauti ya darasani, ili hata walioketi nyuma wasikie. Mara nyingi ilikuwa, "Ya kawaida." Mara chache sana ilikuwa hivi: "Hii ndiyo. Imetulia. Inashuka bila kelele."

Niliyapenda maneno hayo. Kila mtu mwingine alisema tamu, chachu, ina vanila, ina embe. Mwalimu alisema imetulia. Niliyaandika kwenye ukurasa wangu kama yalivyo, na watu wakaanza kunifuata kwa ajili ya huyo bibi, shosho kama walivyomwita. "Shosho amesema nini leo?" waliandika. "Shosho aje Karatina."

La kwanza kufungwa lilikuwa la Nyeri, ghorofani, la mume na mke vijana waliokamua mtindi wao kwa kitambaa. Mwalimu alilisifu mvua ndefu zikianza, na zilipokatika mlango ulikuwa na kufuli ya mwenye jengo. Tulipanda ngazi kwenda kuhakikisha, kwa kuwa mimi siamini jambo mpaka nilione. Kupitia kioo tuliona viti vimepinduliwa juu ya meza. Kwenye kona mashine ilikuwa bado inazunguka. Hakuna aliyekumbuka kuzima stima. Ndani yake hamkuwa na kitu, niliona wazi kabisa, lakini mkono wa chuma ulikuwa unakoroga na kukoroga.

Mwalimu aliweka kiganja kwenye kioo. "Unaisikia?"

"Naisikia mashine, Mwalimu."

"Ilikuwa nzuri sana," akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Aliuambia mlango, kwa sauti ile ambayo watu hutumia wakifika kwenye matanga. Kisha akashuka ngazi bila kushika ukuta.

La pili lilikuwa karibu na stendi ya mabasi. Mwenyewe alipata kazi ng'ambo akaondoka bila hata kuuza meza. La tatu lilikuwa Mweiga, na hilo nitalirudia.

Baada ya lile la pili nikapata jibu la mama. Nililipata nikiwa naoga, nikatoka mbio kumweleza. Yogati bora hutengenezwa kwa maziwa halisi, yasiyopunguzwa krimu, na huchujwa polepole. Ni ghali kutengeneza, na wateja wengi wanachotaka ni sukari, kwa hiyo wanakwenda duka la jirani linalotumia unga wa maziwa. Duka bora basi ndilo dhaifu zaidi. Mwalimu ana ulimi wa kweli. Anachagua lililo bora, na lililo bora tayari linakufa. Hakuna uchawi hapo, ni hesabu za soko tu. Hata nililiandika kwenye ukurasa, na watu wakanipongeza kwa kuwa na akili.

Mama alifikiri kidogo. "Kwa hivyo unasema yeye hafanyi kitu. Anaona tu."

"Eeh."

"Na hiyo ndio afadhali?"

Wazee wa kwetu hawasifu kitu chenye uhai kikavu kikavu. Ukisema mtoto ni mzuri, unatema mate kidogo kifuani mwako au kwenye kiganja chake, matone tu, ili sifa isimng'ate. Anayesifu bila kutema huogopwa, na kitu alichosifu kikianza kudhoofika, ataitwa aje ateme. Wengi hawaamini tena, lakini wanatema. Ni kama kubisha hodi kwenye nyumba unayojua haina watu.

Mwalimu hakutema. Alikuwa mzee wa kanisa, na somo lake kubwa lilikuwa vijidudu. Bibi yeyote akimwinamia mtoto mchanga midomo ikiwa imejikusanya, Mwalimu alinyoosha ncha ya kitambaa chake akamfunika mtoto uso. "Mate ni mate," alisema. Kisha yeye mwenyewe alimtazama yule mtoto, akasema, "Mtoto mzuri huyu," akaenda zake, na mama wa mtoto akabaki amesimama njiani.

Mimi nilimpenda kwa hilo. Nilidhani tuko wawili katika kijiji kizima tusioogopa. Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikukaa sawa. Mwalimu hakusifu kitu chochote kilicho chake. Ng'ombe wake, aliyekuwa mzuri kuliko wote wa mtaa wetu, alimwita takataka. Binti yake, aliyesoma akapata kazi Nakuru, alikuwa "yule mvivu wangu." Siku moja nilimsimamisha kwenye zizi nikamuuliza.

"Mwalimu, mbona hujawahi kusema ng'ombe wako ni mzuri?"

"Kwani ni mzuri?"

"Ni mzuri sana."

Alinitazama. "Basi umesema wewe," akajibu, na akanigeuzia mgongo haraka, akaingia ndani ya zizi akafunga mlango, na nikamsikia akimwambia ng'ombe jambo kwa sauti ya chini, akilirudiarudia.

Sasa Mweiga. Nilimpeleka kule makusudi. Nilikuwa nimeshakula pale mara mbili na nilijua wanatumia unga. Yogati yao ilikuwa nyepesi, ina ladha ya karatasi. Nilitaka aseme ni ya kawaida, duka liendelee, na nadharia yangu ipate nguzo nyingine. Alifumba macho, uso ukatoka watu. "Hii ndiyo," akasema. "Imetulia."

Nilibaki na kijiko hewani. Nilionja tena. Karatasi. Nikafikiri kwamba pengine kuna kitu katika maziwa ya Mweiga, majani ya kule karibu na milima ya Aberdare, ambacho ulimi wangu wa chuo hauwezi kukishika. Nilikubali kwamba yeye anaonja mbali zaidi yangu. Duka hilo lilifungwa kabla ya Krismasi, wenyewe waligombana. Nadharia yangu niliivuta kidogo ikalifunika na hilo.

Mtu wa Karatina alikuja mwenyewe nyumbani kwa Mwalimu. Tulimjua kama Baba Njeri, kwa sababu bango la duka lake lilikuwa na picha ya binti yake akicheka. Mwalimu alikuwa amelisifu duka lake mwanzoni mwa mwezi, mbele ya watu wengi. Sasa alisimama nje ya lango amevaa suti ya kanisani, mkononi kikombe chenye kifuniko. Nilikuwa ndani ya ua, nikimsaidia Mwalimu kumenya viazi.

"Mwalimu, nakuomba," alisema. "Tema tu kidogo."

"Niteme wapi?"

"Kwa hii kikombe. Ama kwa mkono yangu. Mahali utataka."

"Mimi nimefundisha wasichana wa hapa wote kunawa mikono," alisema Mwalimu. "Leo unataka niteme mate kwa chakula ya watu?"

"Tangu useme ile maneno, maziwa imekataa kuganda. Mara mbili. Fundi amekuja, anasema mashine iko sawa."

"Nilisema nini? Nilisema ni nzuri."

"Ndio hiyo!" alilia Baba Njeri. "Ndio hiyo, Mwalimu!"

Nilianza kumweleza kuhusu joto la kuchachusha. Hakunisikia hata kidogo. Mwalimu alifunga lango, polepole, bila hasira, kama mtu anayefunga Biblia. Baba Njeri alikiweka kikombe juu ya nguzo ya lango akaondoka.

Jioni kikombe kilikuwa bado pale. Paka wa Mwalimu, ambaye huiba hata maji ya mchele, alikuwa ameketi chini ya nguzo akikitazama, na hakupanda. Nilikifungua. Yogati haikuwa imeyeyuka. Ilikuwa Julai, jua lilikuwa halijatoka kwa siku kadhaa, na nilijiambia hivyo kwa sauti: ni Julai. Wiki iliyofuata waya zilishika moto katika duka la Karatina mchana kweupe. Hakuna aliyeumia. Nilipomletea Mwalimu habari, alisema "Eeh," akarekebisha kitambaa chake kichwani, na mikono yake ikakosa lile fundo mara mbili.

Baada ya hapo hakuzunguka nami tena. Alisema miguu imekataa. Nami, kusema kweli, sikumshawishi, kwa sababu wakati huo dada yangu Muthoni alikuwa ameacha kazi ya jikoni katika hoteli moja na kufungua duka lake la yogati ya barafu Nanyuki.

Ng'ombe wote wa boma letu waliuzwa kununua ile mashine. Mama alikubali bila kuulizwa mara mbili, na zizi letu likabaki na kuku. Duka la Muthoni lingeanguka, hatungekuwa na mahali pa kurudi sote watatu. Na tatizo lilikuwa kwamba yogati yake ilikuwa nzuri. Naisema kama mtu aliyesomea: alichukua maziwa asubuhi, akayachuja usiku kucha, hakutia unga hata chembe. Kwa nadharia yangu mwenyewe, ilikuwa tayari kwenye mstari wa kufa.

Ukurasa wangu ulikuwa umefanya kazi yake. Wateja waliingia wakauliza kwa utani, "Shosho ameonja?" Kisha wengine hawakuwa wanatania. Mwenye jengo alisema hatatia sahihi mkataba mrefu mpaka yule bibi wa Nyeri apite kwanza. Muthoni alinipigia simu.

"Usimlete."

"Huamini hayo mambo."

"Siamini. Usimlete tu."

Sikumleta. Alijileta mwenyewe. Alimtuma mtoto wa jirani aniambie kwamba kesho yake anakwenda Nanyuki, na kwamba dada yangu ana duka nami sikumwambia. Sikuweza kumwacha aende peke yake. Alikuwa sasa anatembea na mkongojo na amekonda hadi sweta ya kijivu ilimning'inia. Tuliposhuka Nanyuki nilikusanya ujasiri.

"Mwalimu, ukiona ni nzuri, unaweza kunyamaza?"

"Kwani wewe unaamini?"

"Siamini."

"Basi kwa nini ninyamaze?"

Tukaelekea dukani. Mlima ulikuwa umefunikwa wote na mawingu, na mtaa ulikuwa kimya kuliko mitaa inavyokuwa siku ya soko.

Ndani ya duka kulikuwa na watu, na habari ilikuwa imeitangulia miguu yetu. Vijana walikuwa na simu mkononi. Kwenye meza ya dirishani aliketi Mzee Hassan, mfanyabiashara wa mifugo anayepeleka ng'ombe na mbuzi kutoka Doldol, ambaye alikula pale kila siku ya soko. Muthoni alikuwa nyuma ya kaunta akifuta mahali pamoja. Alipomwona Mwalimu alisema, "Karibu, shosho," bila kuacha kufuta.

Mwalimu aliketi akiutazama ukuta. Akakunjua leso, akatoa kijiko. Alifumba macho, na uso wake ukatoka watu kama siku zote, ila safari hii ulikaa hivyo kwa muda mrefu sana, mpaka nikafikiri kuna jambo limempata. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Muthoni alikuwa ameacha kufuta. Kisha Mwalimu akachukua kijiko cha pili, na cha tatu. Sikuwa nimewahi kumwona akimaliza kikombe. Alikimaliza kile, akakikwangua chini.

"Ya kawaida," akasema kwa sauti ya darasani. Akageuza kiti chake awatazame watu. "Ya kawaida kabisa. Kuna nyingi kama hii."

Kijana mmoja aliangua kicheko. Muthoni alishika kaunta kwa mikono miwili. Na mimi, nasema ukweli, kwa sekunde moja niliumia kwa niaba ya yale maziwa.

"Sisi tukisifu tunasema mashallah," Mzee Hassan alisema, akijifuta ndevu. "Nyinyi mnatema mate. Wote tunaogopa kitu kimoja."

"Mimi sijasifu," Mwalimu alimjibu.

"Nimesikia, mama. Mji wote umesikia."

Mwalimu aliinuka kwa mkongojo akaenda mpaka kwenye kaunta. "Leta mikono," akamwambia Muthoni.

"Nimevaa glavu, shosho."

"Toa."

Muthoni alizivua. Yeye ni mtu ambaye angemfukuza mfanyakazi kwa kukohoa karibu na mashine. Alinyoosha viganja juu ya kile kioo safi, mbele ya wateja wote, na Mwalimu, aliyefunika nyuso za watoto wa kijiji kizima wasiguswe na tone, akatema kidogo kifuani mwake, kisha akainama akatema katika mikono ya dada yangu. Ilikuwa kama manyunyu. Akakunja vidole vya Muthoni kimoja kimoja, akavifunga.

Muthoni alibaki ameshika mikono kama aliyebeba maji. Hakuinawa mpaka tulipofunga. Mimi ndiye niliyehudumia wateja, na walikuwa wengi.

Nilimsindikiza Mwalimu hadi stendi. Nilikuwa na hamu ya kumbana.

"Sasa niambie ukweli. Ilikuwa ya kawaida kweli?"

Alifikiri. "Ilikuwa baridi," akasema.

Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata. Mwenye jengo alitia sahihi, na duka la Muthoni lipo mpaka leo; mama amenunua ng'ombe mwingine, na humwita takataka. Mimi niliendelea na nadharia yangu kwa miaka. Niliwaambia watu kwamba Mwalimu alidanganya siku ile kwa huruma, kwamba ulimi wake ulijua vizuri kabisa ilikuwa bora, na kwamba duka letu lilinusurika kwa kuwa Muthoni ana bidii.

Mwaka huu binti wa Mwalimu alipita Nanyuki akitoka Nakuru, akaingia dukani. Nilimhudumia mwenyewe, nikaketi naye, nikamweleza jinsi mama yake alivyokuwa na ulimi wa ajabu, jinsi nilivyouamini kuliko wangu.

Aliweka kijiko chini. "Ulimi gani?" akauliza.

Kisha akaniambia. Mwalimu alianguka kwenye ngazi za shule akagonga kisogo, akiwa bado anafundisha, miaka mingi kabla hatujaanza kuzunguka pamoja, na tangu siku hiyo hakupata tena ladha wala harufu ya kitu chochote.